Kapiteni Joubert, Askari Aliyekaa Mpala

Mtu atokaye Kalemie akifuata ziwa kuelekea kusini hufika Mpala, kisha Moba. Katika pwani hiyo aliishi mzungu mmoja aliyekuja na bunduki, akatawala watu, asirudi kwao tena. Ndiye Kapiteni Léopold Joubert.

Alizaliwa Saint-Herblon, nchi ya Ufaransa, tarehe 22 Februari 1842. Siku zile Baba Mtakatifu Pius IX alikuwa na nchi yake mwenyewe katika Italia, na adui zake walikuwa wakimnyang'anya sehemu baada ya sehemu. Mwaka 1860 Joubert, kijana wa miaka 18, aliwaaga wazazi akaenda kuwa askari wa Papa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alijeruhiwa vitani huko Castelfidardo. Alipopona alirudi jeshini, akapanda cheo hata akawa kapiteni. Lakini tarehe 20 Septemba 1870 Roma ilitekwa, na jeshi la Papa likavunjwa. Joubert alikuwa na miaka 28. Kazi aliyoijua ilikuwa kupigana, na yule aliyempigania hakuwa tena na jeshi.

Ikawa Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, anatafuta walinzi wa misafara. Mapadri walitoka pwani ya Bahari ya Hindi wakaenda kwa miguu miezi mingi hata Tanganyika, na njia ilikuwa ya hatari. Mwaka 1880 Joubert alijitoa. Alikaa kando ya ziwa hili hata mwaka 1885, akarudi Ufaransa kwa muda mfupi, akashika safari tena. Mwezi wa Machi 1887 alifika Mpala.

Ni lazima msomaji ajue Mpala ilikuwa mahali gani. Boma lake lilijengwa mwaka 1883 na Storms, askari wa Ubelgiji. Katika nchi ile alikuwako mtemi Lusinga, aliyekamata watu na kuwauza. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua, na fuvu la kichwa chake likachukuliwa Ulaya. Lusinga alikuwa mwuza watu, ni kweli. Lakini maiti ikikatwa kichwa, hata wale aliowaonea hawafurahi kwa moyo mweupe. Mwaka 1885 boma hilo lilitiwa mikononi mwa mapadri. Hivyo Joubert alirithi utawala ulioanza kwa damu, na watu waliomtazama walikuwa na haki ya kujiuliza kama huyu naye ni Storms wa pili.

Lavigerie, aliyekuwa sasa Kardinali, alitumaini kuona ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Joubert hakujiita mfalme, lakini kazi alizozifanya zilikuwa za mtawala. Aliwafundisha vijana wa nchi kutumia bunduki, akaamua mashauri, akawapokea wakimbizi waliokuja na wake na watoto wao usiku. Sheria za vijiji vya misioni zilikuwa kali, wala si kila mtu aliyeponywa utumwani aliziona tamu. Baadaye alijenga kijiji chake huko Mrumbi, akakiita Saint Louis, kwa jina la yule mfalme mtakatifu wa Ufaransa.

Tarehe 13 Februari 1888 alifanya jambo ambalo wazungu wachache wa siku zile walikubali kulifanya. Wengi wao walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa, na siku ya kurudi kwao waliwaacha pamoja na watoto. Joubert alisimama kanisani akamwoa Agnes Atakaye kwa Sakramenti ya Ndoa, mume mmoja na mke mmoja hata kufa. Tangu siku hiyo alikuwa mkwe katika nchi, tena baba wa watoto waliozaliwa humo. Kwa maoni yangu, siku hiyo iliwajibu wale waliojiuliza kuliko bunduki zake zote.

Vita havikukoma kwa sababu ya arusi. Watu wa Rumaliza, tajiri wa Ujiji, walikuwa na nguvu katika ziwa, na washirika wao walichoma vijiji na kufunga watu kamba. Joubert alipigana nao kwa askari wachache na baruti haba, akingoja msaada mwaka hata mwaka. Msaada ulikuja mwezi wa Oktoba 1891, alipofika Kapiteni Jacques, ambaye boma lake la Albertville ndilo Kalemie ya leo. Nguvu za Rumaliza zilivunjwa mwaka 1894.

Basi serikali ya Kongo ikaushika utawala, nayo ikaleta mizigo yake mizito juu ya watu. Kazi ya upanga ya Joubert ilikwisha. Angeweza kurudi Ufaransa na sifa zake, akazeeka kwa raha. Hakurudi. Alikaa na Atakaye na watoto wao, akiwa mkristo kati ya wakristo, na mwisho akahamia Misembe, karibu na Moba. Huko alikufa tarehe 27 Mei 1927, mzee wa miaka 85, ikiwa ni mwaka wa 40 tangu alipofika Mpala.