PAUL EHRLICH, TABIBU ALIYESAKA RISASI YENYE MACHO

Ndugu askari, kila aliyepata kushika bunduki ajua ya kuwa kufyatua si kazi. Kazi ni kumpata adui aliyejichanganya na raia wasio na hatia. Shida hiyo hiyo ndiyo iliyomshughulisha tabibu Paul Ehrlich wa Ujerumani umri wake wote, ila uwanja wake wa mapambano ulikuwa damu ya mwanadamu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, mjini Strehlen katika jimbo la Silesia, ambalo sehemu yake kubwa leo imo nchini Poland. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alivutwa zaidi na rangi kuliko mihadhara. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa rangi mpya za nguo, naye akazitia katika matone ya damu na kuchungulia kwa darubini. Akaona kwamba rangi moja hushika sehemu hii na kuiacha ile. Kwa njia hiyo, katika hospitali ya Charité mjini Berlin, alizipambanua chembe nyeupe za damu aina kwa aina, na tokea hapo madaktari wakapata njia ya kuitambua vema saratani ya damu.

Mwaka 1888 alishikwa na kifua kikuu, akasafiri na mkewe Hedwig hadi Misri kutafuta hewa kavu. Alirudi Berlin mwaka uliofuata akiwa na nafuu, na baadaye Robert Koch akampa nafasi ya kazi. Hapo alimsaidia Emil von Behring kuipima nguvu dawa ya dondakoo, ili watoto wapewe kwa kiasi kinachofaa. Urafiki wao haukudumu.

Mwaka 1897 alitoa maelezo yaliyomletea sifa kubwa. Alisema kwamba chembe za mwili zina kitu mfano wa mikono, na kila mkono una umbo la kushika kitu kimoja tu, kama kufuli na ufunguo wake. Sumu ikiishika mikono hiyo, chembe hutoa mingine mingi hata ikamwagika katika damu. Hiyo ndiyo kingamwili. Mengi ya maelezo hayo yamekwisha kusahihishwa, lakini shina lake limesimama, naye mwaka 1908 aligawana tuzo ya Nobel na Elie Metchnikoff.

Ehrlich alitamani dawa iendayo moja kwa moja kwa adui kama risasi ya ajabu. Haikuwezekana kwa kingamwili hata mwaka 1975, Köhler na Milstein walipopata huko Cambridge njia ya kuzitengeneza za aina moja tupu. Fikiri mgonjwa mzee wa saratani ya damu anayengojea kupandikizwa chembe za uboho kutoka kwa mtu mwingine. Kwanza uboho wake mbovu lazima ufagiliwe. Dawa kali na mionzi ya mwili mzima huweza kumwua yeye mwenyewe. Basi wataalamu wa Marekani, hasa wa Seattle, waliichukua kingamwili inayoshika alama iitwayo CD45, iliyo juu ya chembe nyeupe za damu, wakaibebesha iodini 131 yenye mionzi. Hupelekwa kwanza kiasi kidogo, kama doria, ili ionekane inakwenda wapi. Ndipo kipimo kamili hukadiriwa. Mgonjwa hutengwa katika chumba chenye kinga, na mionzi ikiisha kupungua hutiwa chembe za mfadhili. Wengu na ini navyo hupata sehemu ya moto huo, kwa hiyo risasi hii bado haina macho kamili. Katika majaribio ya watu wa miaka 55 na zaidi, baadhi yao walikaa miezi sita bila dalili za ugonjwa, lakini haikuthibitika kuwa kwa jumla walioipata waliishi zaidi. Mwaka 2024 wakuu wa dawa wa Marekani walitaka jaribio jingine.

Ehrlich mwenyewe aligeukia kemikali. Huko Frankfurt, mwaka 1909, msaidizi wake Mjapani Sahachiro Hata aliijaribu upya dawa namba 606, yenye aseniki ndani yake, ambayo mwingine alikuwa ameiweka kando kuwa haifai. Iliua vijidudu vya kaswende, ugonjwa uliokuwa ukilaza askari wengi wa majeshi ya Ulaya. Ikaitwa Salvarsan. Ilikuwa dawa ya hatari: ikivuja nje ya mshipa iliunguza nyama, na wagonjwa wengine walikufa. Ehrlich alitukanwa magazetini, akalazimika kujieleza mbele ya mahakama mwaka 1914.

Mvutaji huyo mkubwa wa sigara alifariki tarehe 20 Agosti, 1915, huko Bad Homburg, vita kuu ikiendelea. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, Wanazi walilifuta jina lake katika barabara ya Frankfurt, na Hedwig akalazimika kuihama nchi. Baada ya vita ya pili jina hilo lilirudishwa.