Dakta Williamson wa Mwadui: Jinsi Mtu Anavyojijengea Jina

Ndugu Mhariri ameniomba niwaandikie vijana wa shule yetu habari za kuanzisha biashara na kujulikana. Amenichagua, nadhani, kwa kuwa nina karakana ya kutengeneza karasha za wachimbaji hapa Bugarama. Lakini mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo miaka mingi bila mtu kunijua kwa jina. Niliitwa fundi wa pale kwa fulani, na nilipohama pale, wateja walibaki pale. Kwa hiyo naona heri nieleze maisha ya mtu aliyeifahamu kazi hii kuliko mimi, naye alikuwa jirani yetu wa Shinyanga: Dakta John Thoburn Williamson.

Wahitimu wa rika langu watakumbuka tulivyopakiwa kwenye lori na mwalimu wetu wa jiografia kwenda kuutazama mgodi wa Mwadui. Tulirudi na vumbi hadi masikioni, tukibishana kama kweli almasi ile iligunduliwa gari lilipokwama kwenye tope, au chini ya mbuyu. Hadithi hizo zipo nyingi mpaka leo. Nami nimekuja kuamini kwamba mtu akishaanza kusimuliwa hivyo, jina lake limekwisha kushika mizizi.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Kanada. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill, akapata udaktari wa jiolojia mwaka 1933. Alikuja kusini mwa Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaja Tanganyika kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki. Angeweza kubaki mwajiriwa mwenye mshahara mzuri. Yeye alishikilia kwamba chimbuko lenyewe la almasi liko mahali fulani katika nchi hii ya Wasukuma, akalitafuta kwa miaka, fedha zikiwa haba na malaria ikimsumbua. Mwaka 1940 akalipata Mwadui: bomba la mwamba wa kimbalaiti lenye upana wa hekta 146 hivi juu ya ardhi, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa duniani.

Hapa nawaomba vijana wasome polepole. Kugundua ni jambo moja, na kumiliki ni jambo jingine. Williamson alihitaji hati za maeneo yaliyosajiliwa sawasawa, na alihitaji fedha. Katika mambo hayo alisaidiwa na wakili mmoja wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye naye alipata hisa katika kampuni. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1942 ikaitwa Williamson Diamonds Limited. Hakuiita Mwadui wala Tanganyika. Aliweka jina lake kwenye mlango, na tangu siku hiyo kila jiwe lililotoka pale lilitoka nalo.

Oktoba 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mfanyabiashara wa kawaida angeliuza. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa Novemba mwaka huohuo. Lilichongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya Cartier ikalitia katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Malkia aliivaa bruchi hiyo kwa miaka mingi, na kila ilipopigwa picha wapenzi wa vito waliitaja almasi ya Williamson. Sijui tangazo la biashara lililodumu kuliko hilo. Ajabu ni kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kujitenga, asiyependa makundi, hakuoa, na aliishi palepale mgodini. Vijana wanaodhani kujijengea jina ni kupiga kelele wamtazame huyu.

Jina hilo lilikuwa na nguvu nyuma yake. Biashara ya almasi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers wa Afrika Kusini, na wachimbaji karibu wote walilazimika kuuza kupitia kwao. Williamson alishindana nao juu ya bei. Kuna wakati alizizuia almasi zake asiwauzie kabisa, akiwa na hakika kwamba watarudi kuzungumza. Walirudi. Mtu mmoja wa Shinyanga kuwakalisha De Beers mezani halikuwa jambo dogo.

Pale Mwadui alijenga mji: nyumba, hospitali, shule, umeme, uwanja wa ndege. Sisemi alikuwa malaika. Ulikuwa mji wa wakati wa mkoloni, wenye uzio na ulinzi, na Mwafrika hakuwa na nafasi ya mkubwa. Walioupasua mwamba ule kwa mikono yao hawakuandikwa kwenye mlango wowote.

Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, hajafikisha miaka 51. Mwaka huohuo warithi wake waliuza hisa, na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika wakawa na nusu kwa nusu. Aliowazuia maisha yake yote wakaingia baada ya yeye kufa.

Wenye mgodi wamebadilika mara kadhaa tangu hapo, lakini jina halikuondolewa. Hapo ndipo naona uzito wake. Mwaka 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa na hisa nyingi wakati huo, ilifikia mapatano na wanakijiji waliodai kuumizwa na walinzi wa mgodi, na habari hizo zikaandikwa dunia nzima kwa jina la Williamson. Oktoba 2022 jiwe la waridi lililotoka Mwadui, lililochongwa hadi karati 11.15, liliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57, likiwa limepewa jina lake pia. Mwezi mmoja tu baadaye bwawa la tope la mgodi huo likapasuka, likafunika mashamba na nyumba za watu. Marehemu wa 1958 akabeba yote, sifa na lawama, bila kuulizwa.

Sasa nirudi kwetu. Bulyanhulu, hapa jirani na karakana yangu, wachimbaji wadogo walikuwa wakifukua dhahabu kwa sururu na karai miaka mingi kabla ya kuondolewa mwaka 1996. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2001. Kuna mzee wetu aliyeiona dhahabu ile kwanza, na wengine waliozama kwenye maduara ya mwanzo. Hawakuwa na wakili wa Mwanza wala hati. Nimewauliza vijana wanaoniletea karasha zao, hakuna anayeweza kunitajia hata jina moja.

Wahitimu mliotoka Bugarama, Kakola na vijiji vya jirani, waulizeni wazee kabla ya mkutano wetu. Mwenye kupata majina hayo ayalete yameandikwa kwenye karatasi. Mhariri ameahidi kuyatengea ukurasa katika toleo lijalo.