Kipandauso kinapobadilika: kisa cha George Gershwin

George Gershwin alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1898. Akiwa na miaka 25 alitunga Rhapsody in Blue, akapata umaarufu Marekani nzima.

Februari 1937, akipiga piano jukwaani Los Angeles, alikosea noti chache na kusikia harufu ya mpira unaoungua, harufu isiyokuwapo. Miezi iliyofuata kichwa kilimuuma vibaya, mwanga ukamsumbua, vitu vikawa vinamponyoka mikononi. Waliomzunguka walidhani ni uchovu wa kazi. Juni alilazwa, akakataa kuchomwa sindano ya mgongo, akaruhusiwa kurudi nyumbani kana kwamba tatizo ni la kisaikolojia. Julai 9 alipoteza fahamu. Alipopasuliwa alikutwa na uvimbe kwenye ubongo, akafariki Julai 11 akiwa na miaka 38.

Uvimbe wa aina ile ni nadra, na kwa tiba ya wakati ule sidhani kama angepona hata angewahi. Ila dalili zilikuwa zikibadilika, na hilo ndilo ninalowauliza wagonjwa wangu wa kipandauso. Je, maumivu yanakuja mara nyingi kuliko zamani, au yameanza ukiwa umevuka miaka 50? Muone daktari. Mzazi, mtoto anayeamka na kichwa, anatapika asubuhi na kuyumba anapotembea, mpeleke mapema.

Kichwa kikipiga ghafla kwa nguvu usiyowahi kuipata, mkono ukilegea, maneno yakigoma, ukipata degedege, au homa na shingo kukakamaa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.