Louis Leakey na Mawe Meusi ya Utotoni

Shule zifungapo, wazazi huanza kuulizana watoto watashinda kutwa wakifanya nini. Wenye jamaa bara huwapeleka huko, na wafikao Nakuru huenda wakapandishwa Hyrax Hill, kilima cha mawe nje kidogo ya mji. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa hukuta pale kitu anachokijua kwao: vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Aliyekichimba kilima hicho, mwaka 1937 na 1938, ni Bibi Mary Leakey. Leo lakini tumtazame mumewe, Dakta Louis Leakey, kwa kuwa kazi yake yote ilianzia katika miaka ya utotoni aliyokaa nyumbani pasipo mtu kuipanga.

Alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa CMS, shirika ambalo sisi wa pwani tunalijua tangu zama za Frere Town. Desturi ya Wazungu wa siku zile ilikuwa kumpeleka mtoto Uingereza mapema, akakae bweni. Louis aliionja shule ya huko kwa muda mfupi wazazi walipokwenda kwao. Mwaka 1913 wakarejea Kabete, na mwaka uliofuata vita vikazuka. Safari za bahari zikawa za hatari, kijana akabaki alipo mpaka alipotimiza miaka 16.

Basi akasomeshwa nyumbani, na babake na walimu wa kike walioletwa. Masomo ya kitabu yalikuwa na saa zake. Yakimalizika mlango u wazi. Nje walikuwako walimu wengine. Mzee mmoja, Joshua Muhia, alimfundisha kutega na kumnyemelea mnyama, na zaidi ya hayo kukaa kimya na kungoja. Wenzake wa mchezo walikuwa vijana wa Kikuyu. Aliisema lugha yao kama wao, akaingizwa katika rika lao. Walipofikia umri wa kujijengea vibanda, naye alijenga chake, akakijaza mayai ya ndege, ngozi na mafuvu.

Siku moja ya Krismasi alipata zawadi ya kitabu cha watoto juu ya watu wa zama za mawe. Akatoka kwenda kutafuta mawe kama yale. Ya aina ile hakuyaona, bali aliokota vipande vyeusi ving'aavyo kama kioo, vyenye makali. Nyumbani walimcheka. Akavipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho ya Nairobi, naye hakucheka. Alimwambia kuwa baadhi ni vyombo hasa, vilivyochongwa na mikono ya watu, kisha akamwagiza awe na daftari: kila kipande kiandikwe kilipookotwa na lini. Kwa maoni yangu daftari lile lilikuwa na thamani kuliko kitabu cha Krismasi. Watoto wote huokota mawe. Ni wachache wapatao mtu mzima wa kuwaambia waandike.

Jiwe lile jeusi ni la volkano, na chimbuko lake ni Bonde la Ufa, pande za Naivasha. Watu wa kale ndio waliolichukua mpaka Kabete. Kijana alilifuata lilikotoka, ingawa kwa mzunguko mrefu. Alipopelekwa hatimaye bweni Uingereza, yeye aliyezoea kuwa na nyumba yake alitakiwa kuomba ruhusa kwa kila jambo, wala hakupazoea. Mwaka 1922 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliumizwa kichwa katika mpira wa raga, daktari akamkataza vitabu. Kwa mara ya pili masomo yakakatika, na kwa mara ya pili akafaidika: mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, upande wa Lindi, akajifunza kwa vitendo namna ya kuchimbua mifupa.

Mwaka 1926 alirudi na msafara wake mwenyewe, akapiga kambi Nakuru na Elmenteita. Alifukua makaburi ya kale na bakuli za mawe, akachimba pango la Gamble's Cave, na mwaka 1928 msafara wake ukagundua Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako mashoka ya mawe yametapakaa hadi leo. Mengine ni ya jiwe lile lile jeusi. Aliyoyasema juu ya asili ya Bani Adamu wengi wetu hatuyakubali, wala si mahali pake hapa. Linalotuhusu ni malezi.

Na katika malezi hakuwa malaika. Alimwacha mkewe wa kwanza, Frida, na watoto wawili wachanga, Priscilla na Colin, wakakulia Uingereza pasipo baba. Wana wa Mary, yaani Jonathan, Richard na Philip, ndio waliokulia kambini. Mary mwenyewe alifukuzwa shule mbili za watawa. Elimu yake aliipata kwa babake mchoraji, aliyemtembeza katika mapango ya Ufaransa.

Richard alipokuwa na miaka 6, huko Kanjera karibu na Ziwa Viktoria, aliwasumbua wazazi kwa kulia na joto, na baba akamwambia akatafute mfupa wake. Akaenda, akaupata: taya la nguruwe mkubwa aliyekwisha toweka duniani. Wazazi walipotambua thamani yake walimwondoa, wakachimba wenyewe. Mtoto alikasirika, na alipokuwa mtu mzima alilisimulia jambo hilo katika kitabu cha maisha yake.

Jonathan naye aliokota Olduvai, mwaka 1960, taya lililokuja kujulikana ulimwengu mzima. Kisha akayaacha mawe kwa baba yake, akaenda Baringo kufuga nyoka. Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akaletwa kuzikwa Limuru, walikozikwa wazazi wake.