Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro lililovuka mipaka

MAKAMBAKO ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa hufika hapo na kugawanyika. Tawi moja huelekea Mbeya na mpaka wa Zambia, jingine hushika njia ya Njombe na Songea.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Njombe na Makambako zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, na msiba mkubwa uliowahi kuupata mkoa huo uliimbwa na marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima wa Isimani, Said Mwamwindi, katika mgogoro uliotokana na utekelezaji wa siasa ya vijiji vya ujamaa. Mbaraka, akiwa na Morogoro Jazz, alimtungia marehemu wimbo wa maombolezo. Kwa njia hiyo habari ya nyanda za juu kusini ikawa kilio cha taifa zima.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa yeye. Muda si mrefu akawa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi wake mkuu.

Morogoro wakati huo ilikuwa ngome ya muziki wa dansi. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, ilikuwa imekwisha kuujengea mji huo jina, na ushindani wa bendi hizo mbili uliwanoa vijana wengi.

Mwaka 1970 Mbaraka na wenzake walisafiri hadi Osaka, Japan, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70. Maonyesho hayo yalidumu kuanzia Machi hadi Septemba na kutembelewa na watu wapatao milioni 64. Safari hiyo nayo aliitungia wimbo.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Sasa hakuwa tena nyota wa kundi la wengine, bali kiongozi aliyebeba dhamana ya wanamuziki wake.

Hapo ndipo ulipojitokeza ugumu uliowakabili wanamuziki wote wa Tanzania wa enzi zile. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo zao na kuzisambaza hewani, zikasikika hadi Njombe na mbali zaidi, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka wimbo wake uuzwe madukani alilazimika kuutafutia njia Nairobi.

Soko la Kenya lilimpokea Mbaraka kwa mikono miwili. Nyimbo kama Jogoo la Shamba, Mtaa wa Saba na hasa Shida zilimfanya apendwe huko sawa na nyumbani. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa mwaka 1977, mapenzi ya mashabiki hayakupungua.

Kenya iliyomkuza kibiashara ndiyo pia iliyoshuhudia mwisho wake. Januari 1979 alipata ajali ya gari katika eneo la Kisauni, Mombasa, na kupoteza maisha akiwa na umri wa miaka 34 tu. Mpaka ulikuwa ungali umefungwa. Haukufunguliwa hadi mwaka 1983.

Baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa nchini Kenya katika mfululizo wa albamu zilizopewa jina la Ukumbusho. Hivyo Watanzania waliotaka kumiliki sauti ya mwana wao iliwabidi kuitafuta kutoka kwa jirani.

Mbaraka aliimba mauaji ya Iringa, akaliimba jiji la Osaka, na kote huko aliimba kwa Kiswahili. Alichokikosa nchini mwake hakikuwa wasikilizaji, bali kiwanda.