Joan Procter na Nyoka Wagonjwa

Mbuzi akiumwa, mwenye kumfuga hutambua upesi. Mbuzi huyo hujitenga na wenzake, huacha kula, na pengine hulia. Kuku naye hushusha mabawa na kusinzia mchana. Lakini je, utajuaje kwamba nyoka ni mgonjwa? Nyoka halii. Hana kope za kufumba. Hata akiwa mzima, aweza kulala mahali pamoja siku nyingi bila kula wala kusogea. Katika somo hili utasoma habari za Joan Procter, mwanamke Mwingereza ambaye alitumia maisha yake mafupi kujifunza jambo hilo.

Utoto wake

Joan Beauchamp Procter alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1897. Tangu utoto alisumbuliwa na maradhi ya tumbo, akawa mgonjwa mara kwa mara. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa tayari amekwisha kufuga nyoka na mijusi. Alimpenda hasa mjusi mmoja mkubwa, hata akawa anamweka karibu naye mezani wakati wa chakula. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alipata mamba mdogo, na siku moja alimchukua mpaka shuleni!

Usidhani kwamba Joan alikuwa akicheza tu. Mtu anayemtazama mnyama mmoja kila siku hujua desturi zake: hula lini, hupenda kulala wapi, na hutembea vipi. Akishajua desturi hizo, hutambua mara moja zinapobadilika. Huo ndio mwanzo wa sayansi.

Kazi yake

Joan alikuwa mwanafunzi hodari, lakini kwa sababu ya ugonjwa wake hakuweza kwenda chuo kikuu. Mwaka 1916 mtaalamu mkubwa wa reptilia, George Boulenger, alimkaribisha kufanya kazi pamoja naye katika jumba la makumbusho la London. Mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 19, Joan aliwasomea wataalamu wa wanyama habari alizoandika juu ya nyoka mmoja mwenye sumu wa Amerika. Boulenger alipostaafu mwaka 1920, Joan alishika kazi ya kuangalia reptilia wa jumba hilo.

Mwaka 1922 alitoa maandishi juu ya kobe wa ajabu wa huku kwetu Afrika ya Mashariki. Gamba la kobe huyo ni bapa, tena si gumu kama la kobe wengine. Akitishwa, hakai mahali pamoja na kujificha ndani ya gamba lake. Hukimbia na kujipenyeza katika ufa wa mwamba. Kobe huyo huishi katika vilima vya mawe vya Tanzania na Kenya.

Mwaka 1923 Joan aliwekwa kuwa msimamizi wa reptilia katika bustani ya wanyama ya London. Sasa hakushughulika na wanyama waliohifadhiwa katika chupa za dawa, bali na wanyama hai: chatu, mamba, kobe na mijusi. Wanyama hao walitoka nchi za joto, nao waliletwa kukaa katika nchi ya baridi. Kuwatunza wasife ilikuwa kazi ngumu.

Joto la mwili wa nyoka

Ili uelewe ugumu wa kazi hiyo, kumbuka tofauti kati yako na nyoka. Mwili wako hutengeneza joto lake wenyewe. Ukiwa mzima, joto lako ni kama digrii 37, mchana na usiku. Mwili wa nyoka hauwezi kufanya hivyo. Joto lake hutegemea mahali alipo. Akihitaji joto huota jua, na likizidi huingia kivulini.

Sasa fikiri juu ya nyoka aliyefungiwa katika chumba cha baridi. Hawezi kwenda kutafuta jua. Mwili wake hupoa, na chakula alichomeza hakisagiki vizuri tumboni, hata pengine hukitapika. Nguvu za kushindana na maradhi hupungua. Kwa hiyo mtunzaji mwenye akili, akimwona nyoka amelegea na hataki kula, hupima kwanza joto la chumba kabla ya kutafuta dawa.

Dalili za afya na za ugonjwa

Si kila badiliko ni ugonjwa. Nyoka akikaribia kujivua gamba, rangi yake hufifia na macho yake hufunikwa na weupe kama maziwa. Wakati huo haoni vizuri, hujificha, hukasirika upesi, na mara nyingi hukataa chakula. Baada ya siku chache macho hung'aa tena, kisha gamba la zamani hutoka. Nyoka mzima hulivua likiwa zima, kama soksi iliyogeuzwa.

Lakini yako mabadiliko mengine ambayo ni ya hatari. Gamba likitoka vipande vipande, huenda hewa ni kavu mno au nyoka ana udhaifu. Akipumua huku kinywa kiko wazi, au povu likimtoka, huenda mapafu yake yana ugonjwa. Fizi zikivimba na kutoa usaha, kinywa kimeoza. Akikonda mwezi hata mwezi, mtunzaji asingoje tena.

Joan alisifiwa sana kwa kutambua maradhi kama hayo. Aliwatibu reptilia waliougua, na ilipolazimu aliwafanyia upasuaji, hata wale wakubwa na wakali. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, na mara nyingi aliwahudumia wagonjwa wake akiwa na maumivu.

Nyumba mpya ya reptilia

Joan alijua kwamba kuzuia ugonjwa ni bora kuliko kuutibu. Kwa hiyo alibuni nyumba mpya ya reptilia, nayo ilifunguliwa mwaka 1927. Ndani yake joto lilitolewa kwa umeme, wala halikuwa sawa kila mahali. Upande mmoja ulikuwa na joto zaidi ya mwingine, na mnyama aliweza kuchagua mwenyewe kama ambavyo angechagua porini.

Tena alitumia kioo cha namna ya pekee. Katika mwanga wa jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo kioo cha kawaida huizuia. Mionzi hiyo husaidia mwili kutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo husaidia kujenga mifupa. Mijusi na kobe wengi wakiikosa, mifupa yao hulegea. Kioo alichokitumia Joan kiliruhusu mionzi hiyo kupita.

Mwaka huo huo bustani ilipata mijusi wakubwa kutoka kisiwa cha Komodo na visiwa jirani, katika nchi ya Indonesia. Watu waliwaogopa sana. Mmoja wao, aliyeitwa Sumbawa, alimzoea Joan hata akawa anatembea naye bustanini. Afya ya Joan ilipozidi kudhoofika, yeye alizunguka katika kiti cha magurudumu huku Sumbawa akienda mbele yake.

Joan Procter alifariki mwezi wa Septemba mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Nyumba aliyoibuni iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada yake.

Unajifunza nini? Mnyama hawezi kukueleza anapoumwa. Kazi ya kutambua ni yako. Jua kwanza desturi zake akiwa mzima, kisha angalia kinachobadilika, kisha chunguza mahali anapoishi.

Tahadhari: Joan alikuwa mtaalamu. Wewe usimguse nyoka yeyote umwonaye, hata akionekana amekufa. Ondoka taratibu ukamwite mtu mzima.

Kazi ya kufanya

Chagua kuku, mbuzi au paka mmoja wa nyumbani kwenu. Kwa muda wa siku 7 andika kila asubuhi na jioni: amekula? amekunywa maji? anatembea vizuri? amelala wapi? Siku ya nane, mweleze mwalimu wako mabadiliko uliyoyaona.

Maswali

1. Kwa nini nyoka huota jua?
2. Taja dalili mbili za nyoka anayekaribia kujivua gamba.
3. Nyoka amekataa chakula. Mtunzaji achunguze mambo gani kabla ya kusema kwamba ni mgonjwa?
4. Kwa nini Joan Procter hakutumia kioo cha kawaida?