Thomas Lord: Mfanyakazi wa klabu aliyehamisha nyasi mara mbili ili kriketi isikose pa kuchezewa

Mashabiki wa kriketi wanaujua uwanja wa Lord's jijini London jinsi wanasoka wanavyoujua Wembley. Wengi hudhani ulipewa jina la bwanyenye fulani, kwa sababu huko Uingereza 'lord' ni cheo cha watu wa koo kubwa. Kumbe wapi! Lord lilikuwa jina la ukoo la jamaa wa kawaida aliyeanza kama mfanyakazi wa klabu, akiwarushia matajiri mpira na kuwatumikia uwanjani, kisha akingoja malipo yake.

Jamaa huyo ni Thomas Lord. Kisa chake kinamfaa kijana yeyote anayewaza kuanzisha klabu ya ridhaa na wenzake, iwe ya kriketi, soka au voliboli, iwe Nairobi au Nchiru kule Meru. Maisha yake yote yalizunguka swali moja ambalo klabu nyingi hulikumbuka maji yakiwa yamezidi unga: huu uwanja ni wa nani?

Lord alizaliwa Novemba 23, 1755 katika mji mdogo wa Thirsk, eneo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa mkulima Mkatoliki aliyekuwa na shamba lake mwenyewe. Mwaka wa 1745, miaka kumi kabla ya Thomas kuzaliwa, kulizuka uasi wa watu waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Mzee Lord aliwaunga mkono. Uasi ukazimwa na shamba lake likatwaliwa. Mzee akaishia kufanya kibarua kwenye udongo ule ule uliokuwa wake. Mkenya hahitaji kuelezwa uchungu wa jambo kama hilo.

Familia ilihamia Diss, Norfolk, upande wa mashariki, na huko ndiko Thomas alikokulia. Alipokuwa kijana alifunga safari kwenda London kutafuta riziki, vile vijana wetu wanavyoingia Nairobi na begi moja na nambari ya simu ya binamu.

Kazi aliipata katika klabu ya kriketi ya White Conduit, mtaa wa Islington. Wanachama wake walikuwa watu wenye vyeo na mashamba makubwa. Walicheza kwa ridhaa, yaani bila kulipwa, kwa kuwa pesa haikuwa shida yao. Tena mechi moja ingeweza kuwekewa dau la mamia ya pauni. Lord alikuwa upande ule mwingine. Yeye alilipwa ili awarushie mpira na kushughulikia kazi ndogo ndogo za uwanjani. Si kwamba hakujua kucheza. Alikuwa mrushaji mzuri tu, na aliwahi kuichezea Middlesex.

Shida ya White Conduit ilikuwa mahali pa kuchezea. Kiwanja kilikuwa wazi, na mpita njia yeyote angeweza kusimama, akatazama na kutoa maoni yake kwa sauti. Wakubwa hawakupenda. Mwaka wa 1786 wawili kati yao, Earl wa Winchilsea na Charles Lennox, ambaye baadaye alikuwa Duke wa Richmond, walimwendea Lord na pendekezo. Atafute kiwanja kipya chenye ua. Biashara ikienda mrama, hasara wataibeba wao.

Lord hakuwa na ardhi wala hela za maana. Alichokuwa nacho ni kuaminiwa na wenye hela, na hakukipoteza. Mwaka wa 1787 alikodisha ploti kutoka kwa milki ya familia ya Portman, mahali ambapo leo panaitwa Dorset Square, akaizungushia ua. Mei 31 mwaka huo Middlesex wakacheza hapo dhidi ya Essex. Wale wakubwa wa White Conduit wakahamia huko, wakaanza kuitwa Marylebone Cricket Club, kifupi MCC, kwa jina la mtaa wenyewe.

Mwaka uliofuata MCC ilitoa sheria za kriketi zilizofanyiwa marekebisho, na mpaka leo ndiyo inayozitunza sheria hizo kwa ajili ya dunia nzima. Mtu wa Meru ataelewa haraka: MCC iligeuka kuwa Njuri Ncheke ya kriketi, baraza la wazee ambalo likitamka, mchezo unafuata.

Lakini usisahau kuwa baraza hilo lilikutana kwenye ploti ya kukodi, na aliyetia sahihi ya kukodi alikuwa Lord. Kodi ilikuwa juu yake. Kwa hivyo alijifunza kuuendesha uwanja kama biashara. Watazamaji walilipa kiingilio. Vinywaji viliuzwa, na Lord mwenyewe alikuwa pia mfanyabiashara wa mvinyo. Siku ambazo hakukuwa na kriketi, uwanja ulitafutiwa kazi nyingine. Mwaka wa 1802, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipaa kutoka hapo kwa puto, na umati ukafurika kuona mtu akienda angani.

Nyasi nazo zilitunzwa kwa akili ya mkulima. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa haijavumbuliwa. Ilikuja mwaka wa 1830. Kabla ya hapo, kondoo ndio waliofanya kazi hiyo, wakila na kukanyaga mpaka uwanja ukatulia.

Baadhi ya mechi kubwa za mwanzo zilichezwa kwenye ploti hiyo. Mwaka wa 1805 wanafunzi wa shule za Eton na Harrow walikutana hapo, na kikosi cha Harrow kilikuwa na kijana aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri, Byron. Mwaka wa 1806 ikaanza mechi ya waungwana dhidi ya wachezaji: upande mmoja watu wa ridhaa, upande mwingine watu wa kulipwa. Ubaguzi huo uliota mizizi. Kwa miaka mingi makundi hayo mawili yalitumia vyumba tofauti vya kubadilishia nguo, na katika viwanja kadhaa yaliingia kwa milango tofauti, hata yakiwa timu moja. Ulifutwa rasmi baada ya msimu wa 1962. Kwa hivyo neno ridhaa, ambalo kwetu humaanisha kijana anayecheza kwa mapenzi na kujinunulia viatu, huko lilimaanisha mtu asiyehitaji mshahara.

Basi mambo yakawa mazuri, na mambo yakiwa mazuri ndipo kodi hupanda. London ilikuwa ikitanuka, nyumba zikichipuka kila upande, na mkataba wa ploti ya Portman ulikuwa unaelekea ukingoni. Lord aliisoma hali mapema. Mwaka wa 1808, kabla ya kufukuzwa, alikodisha kiwanja kingine huko St John's Wood, kwenye ardhi ya familia ya Eyre. Kisha akafanya jambo ambalo watu bado wanalisimulia: alichimbua nyasi za uwanja wa zamani, akazibeba na kuzipanda kwenye uwanja mpya.

Kwa nini mtu ahangaike na nyasi? Katika kriketi, mpira hurushwa ukagonga chini kwanza kabla ya kumfikia mpigaji. Ardhi yenyewe ni kama mchezaji wa ziada. Ikiwa na mabonde na mawe, mpira utaruka usoni. Nyasi zilizokanyagwa na kulishwa kondoo kwa miaka ishirini ni mali ambayo huwezi kuipata dukani. Lord alijua kuwa ua na viti vinaweza kujengwa kwa wiki chache, lakini udongo uliotulia hauna njia ya mkato.

Hata hivyo wanachama hawakufurahia mahali papya. Walicheza mechi chache tu huko, na kabla hawajazoea, pigo lingine likaja. Mwaka wa 1813 Bunge liliamua njia ya mfereji wa Regent, ambao mashua za mizigo zingepitia. Ramani ikaonyesha mfereji ukikata katikati ya uwanja. Hapo hakuna rufaa. Familia ya Eyre ikampa Lord ploti nyingine hatua chache kutoka hapo, naye kwa mara ya pili akang'oa nyasi zile zile na kuzihamisha.

Uwanja wa tatu ulifunguliwa mwaka wa 1814, na mnamo Juni 22 MCC walicheza hapo na kuwashinda Hertfordshire. Ndio huo unaoitwa Lord's mpaka leo. Haukuwa ploti ya kuvutia. Palikuwa na kidimbwi cha bata, na ardhi iliteremka. Mteremko huo bado upo: upande mmoja uko juu ya mwingine kwa takriban mita mbili na nusu, na wageni huhangaika kuuzoea. Mtu asiyekuwa na ardhi yake hachagui sana.

Kufikia hapo ungetarajia kisa kiishe kwa makofi. Hakikuisha hivyo. Mwaka wa 1825 Lord alikuwa anakaribia miaka 70. Aliangalia nyumba zilizomzunguka, akapiga hesabu, akapanga kujenga nyumba kwenye sehemu kubwa ya uwanja. Alipata hata ruhusa ya wenye ardhi. Yaani yule aliyebeba nyasi mgongoni mwa mikokoteni ili kriketi iendelee, ndiye sasa aliyekuwa tayari kuifukia chini ya mawe na saruji.

Ni rahisi kumlaumu. Lakini hebu tuweke mambo kwenye mizani. Klabu ilikuwa imekaa chini yake kwa miaka 38. Ilikuwa na wanachama wenye mashamba yasiyo na mwisho, na hakuna siku waliyoketi wakaamua kununua kiwanja chao. Waliacha mzigo wote kwa mfanyakazi wao wa zamani. Yeye alikuwa mtoto wa mtu aliyenyang'anywa shamba, na uzee ulikuwa umebisha hodi bila pensheni. Hakuiba chochote. Alitaka kuuza alichokuwa nacho.

Aliyeiokoa klabu ni mwanachama mmoja, William Ward, mwanabenki wa Benki Kuu ya Uingereza na mpigaji hatari ambaye mwaka wa 1820 alifunga mikimbio 278 katika mechi moja hapo hapo, rekodi ya uwanja huo iliyodumu zaidi ya karne. Ward alimuuliza Lord anataka pesa ngapi. Lord akataka pauni 5,000. Ward akaandika hundi.

Mwaka huo huo, usiku mmoja wa Julai, jengo la wanachama lilishika moto. Vitabu vya kumbukumbu na rekodi za mechi za miaka ya mwanzo viliteketea. Klabu iliyotunga sheria za mchezo ilipoteza historia yake kwa sababu nakala zote zilikuwa kwenye nyumba moja ya mbao.

Lord alistaafu na kuhamia kijiji cha West Meon, Hampshire, kusini mwa nchi. Alifariki huko Januari 13, 1832 akiwa na umri wa miaka 76, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la kijiji.

Uwanja uliendelea kupita mikononi mwa watu. Mwaka wa 1835 Ward alimpa James Dark haki ya kuukodi. MCC yenyewe ilikuja kuimiliki ardhi hiyo mwaka wa 1866, kwa zaidi ya pauni 18,000. Hesabu mwenyewe: miaka 79 tangu mechi ya kwanza, na bei kupanda zaidi ya mara tatu. Na hata baada ya kupata ardhi, mlango haukufunguliwa kwa kila mtu. Wanawake waliruhusiwa kuwa wanachama baada ya kura ya mwaka wa 1998.

Huku kwetu tuna sababu ya kusikiliza. Mwishoni mwa 1963 timu ya MCC ilizuru Afrika Mashariki, na kriketi ya hapa ilikua juu ya viwanja vya klabu. Siku ambayo Kenya iliiduwaza Sri Lanka kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia, Februari 24, 2003, Collins Obuya akiangusha vijiti vitano, haikuwa katika uwanja wa taifa. Ilikuwa Nairobi Gymkhana, uwanja wa klabu. Watu walioulinda kwa miaka mingi kabla ya hapo ndio waliotupa siku hiyo.

Nchiru haijulikani kwa kriketi. Lakini inajua somo la Lord kuliko miji mingi. Hapo, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, ndipo palipo na makao ya jadi ya Njuri Ncheke, na hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kwenye ardhi iliyotolewa na wazee hao. Wazee walitoa udongo kwanza, majengo yakafuata, na wanafunzi wakaja mwisho. MCC walifanya kinyume, na nusura nyumba zijengwe juu yao.

Kwa hivyo mkikutana jioni, vijana kumi na moja na mpira mmoja, mkataka kuandikisha klabu, chagueni mweka hazina, elewaneni kuhusu ada ya mwezi, na kumbukumbu za mikutano zisikae kwa mtu mmoja. Kisha, kabla ya kuchangishana pesa za jezi, tafuteni kujua hati ya kile kiwanja iko kwa nani, na ikiwa ni cha umma, kama kimeandikwa hivyo kwenye ramani. Jezi zinaweza kungoja. Mwenye tingatinga hangoji.